Kuhudumia mvinyo mwekundu wa nchi za baridi: mwongozo kwa wahudumu wa Arusha na Moshi

Msimu wa wageni ukikaribia, maswali huwa yaleyale. Mvinyo mwekundu kweli unaingia friji? Mbona huu rangi yake imepauka? Lebo imeandikwa ni wa shamba la baiodainamiki, yaani aina fulani ya kilimo hai; mgeni akiuliza nimjibu nini? Na ile chupa iliyofunikwa nta mdomoni inafunguliwaje?

Mwongozo huu unafuata kazi yenyewe, tangu katoni inaposhushwa garini hadi nusu chupa inaporudi kaunta. Unamlenga mhudumu wa hoteli, loji au mgahawa ambaye bia na soda anazimudu, na sasa amekabidhiwa orodha yenye Pinot Noir ya bei inayotisha. Mengi humu ni ya Pinot Noir, aina ya zabibu nyekundu ya nchi za baridi, kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Zabibu za Gamay na Cabernet Franc za mabonde ya baridi zinafuata njia hiyohiyo.

## Kidogo cha kujua kabla ya kushika chupa

Zabibu za maeneo ya baridi, kama Burgundy kule Ufaransa, Central Otago kule New Zealand, Oregon kule Marekani, au Elgin na Hemel-en-Aarde kwa jirani zetu wa Afrika Kusini, huiva taratibu. Sukari haipandi sana na uchachu haupotei. Matokeo yake ni mvinyo wa kilevi cha asilimia 12 hadi 13.5 hivi, wenye uchachu unaochangamsha mdomo. Pinot Noir ina ngozi nyembamba, kwa hiyo rangi yake ni nyepesi na tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi na fizi, ni kidogo. Dodoma ni kinyume chake: jua kali, mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka, na mvinyo unatoka na umbo jingine kabisa. Usimpime mmoja kwa kipimo cha mwenzake.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mvinyo mzito wenye tanini nyingi ukihudumiwa wa moto kidogo, mteja anaweza asigundue. Huu mwepesi hauna pa kujificha. Ukipata joto, kilevi kinapanda puani, harufu ya matunda inazama, na mteja anakuambia mvinyo wako ni mbaya. Malalamiko mengi ya Pinot Noir katika mji kama Moshi yangeisha kama kila kaunta ingekuwa na kipima joto.

Habari ya baiodainamiki tutaifikia mbele, kwenye sehemu ya kuzungumza na mgeni. Haibadilishi sana namna ya kushika chupa, isipokuwa mambo mawili: mvinyo wa aina hii mara nyingi haukuchujwa, na mara nyingi una sulfaiti, ile kinga inayouzuia mvinyo kuharibika, kidogo kuliko kawaida. Usipochujwa una mashapo. Ukiwa na kinga kidogo, joto linauharibu upesi zaidi.

## Andaa hivi kwanza

- Kipima joto cha jikoni, kile cha sindano. Bila hiki utakuwa unabahatisha.
- Opena ya mhudumu yenye kisu kidogo na mguu wa hatua mbili. Skrubu yake iwe waya uliojiviringa wenye uwazi katikati, si msumari mnene wenye mikato. Huo wa pili huchimba kizibo badala ya kukishika.
- Glasi za mguu zenye tumbo pana, mililita 500 hadi 600. Midomo iwe myembamba.
- Jagi la kioo lenye tumbo pana, safi, lisilonuka sabuni wala kitambaa.
- Ndoo ya barafu.
- Vitambaa viwili vyeupe vya pamba.
- Tochi ndogo. Ya simu inatosha.
- Chupa tupu ya mililita 375 yenye kizibo chake, iliyooshwa kwa maji moto na kukaushwa kabisa.
- Kwa wa loji: kuli boksi na vipande viwili vya barafu za kugandisha.

## Hatua kwa hatua

1. Kagua katoni kabla ya kusaini.

Mzigo mwingi hushukia bandarini Dar es Salaam na kuja kwa barabara. Lori likilala na turubai yake juani Korogwe au Same, mvinyo unaweza kuwa umeharibika kabla hujauona. Toa chupa mbili au tatu katikati ya katoni. Pitisha kidole gumba juu ya mdomo wa chupa: pakiwa pametuna, kizibo kimesukumwa na joto. Tazama kama kuna mchirizi wa kunata chini ya karatasi ya shingoni. Halafu tazama kimo. Kwenye chupa mpya yenye mabega ya kuteremka, mvinyo huwa sentimita 1 au 2 chini ya kizibo. Ukikuta umeshuka sentimita 3 au zaidi kwenye mvinyo wa miaka ya karibuni, uliza maswali.

Kagua pia stempu ya kodi ya TRA kwenye kila chupa. Chupa isiyo na stempu usiipokee, hata msambazaji akiwa rafiki wa bosi.

2. Ihifadhi mahali pa baridi, giza na utulivu.

Kipimo kizuri ni nyuzi 12 hadi 14, na unyevu wa hewa asilimia 60 hadi 75. Chupa ya kizibo cha gome ilazwe ili kizibo kisikauke. Yenye kifuniko cha kuzungusha ikae utakavyo.

Kama huna friji ya mvinyo, tafuta chumba cha ndani kabisa cha jengo, chenye dari, kisicho na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Stoo iliyo chini ya mabati matupu ni tanuri. Moshi Januari hadi Machi hakuna mvinyo utakaopona humo. Arusha, kwa kuwa mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, miezi ya Juni hadi Agosti stoo nzuri inaweza kukaa chini ya nyuzi 20 bila mashine yoyote. Hiyo inakubalika kwa miezi michache.

Kinachoua zaidi ni joto la kupanda na kushuka. Nyuzi 19 zisizobadilika ni salama kuliko 14 usiku na 27 mchana, maana kila joto linapopanda mvinyo unatanuka na kusukuma kizibo, likishuka unavuta hewa ndani. Kwa sababu hiyohiyo, umeme ukikatika usifungue friji kuangalia kama bado ni ya baridi. Ilivyojaa chupa na mlango ukiwa umefungwa, itashika ubaridi saa kadhaa.

Usilaze chupa juu ya friji la bia. Watu hufanya hivyo kwa sababu panaonekana pazuri, lakini juu kuna joto la mota na mtetemo mchana kutwa.

3. Pumzisha mzigo uliosafiri.

Mvinyo ukishushwa kwenye lori, uache wiki moja kabla ya kuuza. Uliopigwa na makorongo ya barabara za hifadhini ukiweza upe wiki mbili. Mvinyo uliotikisika hauna madhara, ila harufu zake huwa zimefunga na mashapo yamechanganyika.

4. Simamisha chupa saa 24 kabla.

Hii ni kwa chupa zisizochujwa na zile za zaidi ya miaka mitano hivi. Mashapo yashuke chini. Ukipata taarifa kwamba meza ya kesho jioni imeagiza chupa fulani, isimamishe leo jioni. Ukiagizwa ghafla, itoe ilivyolala, usiitikise, na uimimine taratibu.

5. Ipoze hadi nyuzi 14 au 15.

Tukae hapa kidogo, kwa kuwa hatua hii ndiyo inayowashinda wengi.

Ule usemi kwamba mvinyo mwekundu unanywewa kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambazo zilikuwa na nyuzi 16 au 17. Chumba cha mgahawa Moshi saa nane mchana kina 30. Kwa hiyo ndiyo, mvinyo mwekundu unaingia friji.

Pinot Noir nzuri itoke kaunta ikiwa na nyuzi 14 au 15, ili ikinywewa iwe 15 au 16. Gamay nyepesi itoke na 12 au 13. Ndani ya glasi, kwenye baraza lenye joto, itapanda nyuzi kadhaa ndani ya robo saa, kwa hiyo kosa la kuipoza kidogo kupita kiasi linajirekebisha lenyewe. Kosa la kuihudumia ya moto halijirekebishi.

Muda wa kukadiria, kwa chupa ya mililita 750:

- Chupa iliyo na nyuzi 22 (stoo ya kawaida Arusha), kwenye friji la nyuzi 4: kama saa moja.
- Chupa iliyo na nyuzi 27 (Moshi): saa moja na nusu hadi saa moja na dakika arobaini na tano.
- Kwenye ndoo yenye barafu na maji, nusu kwa nusu: dakika 8 kwa ya nyuzi 22, dakika 12 kwa ya 27.

Ndoo iwe na maji. Barafu tupu inagusa chupa sehemu chache tu, hewa iliyobaki katikati haipozi kitu. Maji yafike mabegani mwa chupa.

Friji hazifanani, na la kaunta linalofunguliwa kila dakika halifiki nyuzi 4. Ndiyo maana ya kipima joto: siku ya kwanza mimina kidogo kwenye glasi, pima, andika muda ukutani. Kuanzia hapo utakuwa na jedwali lako la friji lako.

Usiweke chupa kwenye friza ukaendelea na kazi nyingine. Utaisahau. Ikiganda, kizibo kinasukumwa na chupa inaweza kupasuka. Na usitie vipande vya barafu kwenye glasi ya mteja ambaye hakuomba; akiomba, mpe bila kukunja uso.

Kwa walio ukingoni mwa Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, tatizo linageuka. Usiku wa Julai chupa inaweza kutoka stoo ikiwa na nyuzi 9 au 10, na mvinyo unakuwa mkali na bubu. Mimina kidogo kwenye glasi kubwa, mwambie mgeni aikumbatie kwa viganja dakika tano. Usiiweke karibu na moto wa kuni, utapasha upande mmoja na kuacha mwingine.

6. Onyesha, kisha fungua.

Mpe aliyeagiza lebo aisome: jina la shamba, aina ya zabibu, mwaka. Mwaka ukiwa tofauti na ulioandikwa kwenye orodha, sema hapo hapo kabla ya kukata chochote.

Kata karatasi ya shingoni chini ya ukingo wa pili wa mdomo, si juu yake, ili mvinyo usiguse karatasi unapomiminwa. Futa mdomo. Chomeka ncha ya skrubu katikati, zungusha hadi ubakie mzunguko mmoja nje. Ukizidisha unatoboa kizibo hadi chini na vumbi lake linaanguka ndani. Egemeza hatua ya kwanza ya mguu, nyanyua hadi nusu, hamia hatua ya pili, nyanyua, na milimita za mwisho malizia kwa mkono, ukikitikisa kizibo taratibu. Kisitoe mlio. Futa mdomo tena, ndani na nje.

Chupa yenye nta: mashamba madogo yanaipenda sana. Usiigonge kwa kisu, vipande vitatapakaa mezani na vingine vitaingia kwenye mvinyo. Chomeka skrubu moja kwa moja kupitia nta, vuta kizibo hadi nusu. Nta itapasuka yenyewe mduara. Simama, futa chembe zote kwa kitambaa kikavu, ndipo umalizie kuvuta.

Yenye kifuniko cha kuzungusha: shika kifuniko pamoja na shingo yake ya bati kwa mkono mmoja, zungusha kitako cha chupa kwa mkono wa pili. Inaachia mara moja. Kifuniko hiki si dalili ya mvinyo wa bei rahisi. New Zealand karibu wote wanakitumia.

7. Nusa.

Nusa mdomo wa chupa, si kizibo. Kizibo kinanuka kizibo. Kinachokuhusu ni kimoja: kuna harufu ya boksi lililolowa au godoro lililokaa stoo mvua nzima? Ikiwepo, usimimine. Sababu utaziona kwenye sehemu ya matatizo.

Kisha mimina mililita 30 kwa aliyeagiza. Anaonja kuangalia kama mvinyo ni mzima, si kama anaupenda, ila ukimkuta asiyejua tofauti hiyo usimpe somo mbele ya wageni wake.

8. Amua kama unaihamishia jagini.

Pinot Noir nyingi hazihitaji. Harufu zake ni nyepesi na jagi pana linaziondoa. Ya miaka kumi na kuendelea inaweza kufa ndani ya nusu saa. Hamisha kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni mashapo: weka tochi chini ya shingo, mimina taratibu bila kusimama, acha mara uonapo wingu linakaribia mabega ya chupa. Ya pili ni chupa changa iliyofunga, inayonuka kiberiti: hiyo imimine kwa nguvu, iache dakika 20.

Jagi nalo lina joto lake. Likiwa limekaa karibu na jiko, umepoza bure. Lisuuze kwa maji baridi, likung'ute.

9. Mimina.

Mililita 125 hadi 150, chini ya theluthi moja ya glasi kubwa. Chupa inatoa glasi tano za 150 au sita za 125. Kubalianeni na meneja ni ipi, maana hesabu za kaunta zitategemea hapo. Wageni wa kike na wazee kwanza, aliyeagiza mwisho. Ukimaliza kila glasi zungusha chupa kidogo kwa kifundo cha mkono, tone lisidondoke. Acha sentimita mbili za mwisho ndani ya chupa isiyochujwa.

Chupa inarudi kwenye ndoo yenye maji ya baridi na barafu chache tu, dakika tatu ndani, kumi nje. Ikibaki ndani mfululizo itafika nyuzi 8 kabla ya glasi ya pili.

10. Okoa kilichobaki.

Mimina mara moja kwenye ile chupa ya mililita 375, ijae hadi shingoni, ziba, weka friji. Ikiwa imejaa vizuri itakaa siku tatu. Ikibaki kwenye chupa kubwa nusu tupu, hata ndani ya friji, uza kesho au umpe mpishi. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta. Ile pampu ya kunyonya hewa inasaidia kidogo tu, na ukipampu mara nyingi unanyonya na harufu.

## Mgeni akiuliza

Mteja wa mjini swali lake mara nyingi ni rangi. "Kijana, huu hamjauongezea maji?" Jibu: "Hapana, mzee wangu. Zabibu yake ina ngozi nyembamba, rangi yake ndiyo hiyo. Naomba uunuse kwanza." Usiseme "ni mvinyo wa kisasa" wala "wazungu wanaupenda". Akitaka kizito, mwelekeze kwenye Shiraz au Cabernet Sauvignon bila kumfanya ajione mshamba.

Ukungu kwenye chupa isiyochujwa huwatia wasiwasi watalii kuliko wenyeji. Aliyezoea mbege yenye ulezi hatishwi na kinywaji chenye mawingu.

Sasa baiodainamiki. Maneno machache ya kweli yanatosha, mengine ni mapambo:

Chanzo ni mihadhara minane aliyoitoa Rudolf Steiner mwaka 1924 kwa wakulima huko Koberwitz, ambayo leo iko Poland. Shamba linachukuliwa kama kiumbe kimoja: mifugo, mboji, mimea na udongo vitegemeane, na mbolea za viwandani na viuatilifu vya kemikali viachwe. Kwa hiyo kila shamba la baiodainamiki ni la kilimo hai, ila si kila shamba la kilimo hai ni la baiodainamiki.

Kinachowashangaza watu ni maandalizi yake. La namba 500 ni samadi ya ng'ombe inayojazwa kwenye pembe ya ng'ombe na kuzikwa ardhini majira yote ya baridi. Ikifukuliwa, gramu 100 hivi huchanganywa na maji na kukorogwa saa nzima, upande mmoja hadi maji yafanye kisima katikati, kisha kinyume chake, halafu hurushiwa ardhini kwa matone kwenye hekta nzima. La namba 501 ni unga wa jiwe la kwatsi, nalo hukaa kwenye pembe lakini majira ya joto, na gramu chache tu hutosha hekta, hupuliziwa majani asubuhi. Wengi pia hufuata kalenda ya mwezi na nyota kupanga siku za kupogoa na kuvuna.

Je, pembe na mwezi vinabadilisha ladha? Ushahidi wa kisayansi wa kutosheleza haupo. Ambacho hakina ubishi ni kwamba wakulima hawa hutembea shambani kila siku na hulisha udongo wao vizuri. Mwambie mgeni hivyohivyo, atakuheshimu. Yapo mashamba yenye jina kubwa yanayolima hivi, Domaine Leroy kule Burgundy na Felton Road kule Central Otago yakiwemo. Alama ya Demeter au Biodyvin kwenye lebo maana yake shamba limekaguliwa. Lisilo na alama linaweza kuwa linafuata kilimo hicho bila cheti, hilo usiliapie.

Na mambo matatu usiyaseme kamwe:

"Hauna dawa yoyote." Si kweli. Salfa na shaba vinaruhusiwa kupuliziwa dhidi ya ukungu.

"Hauna sulfaiti." Hili ni la hatari, kwa sababu kuna wenye pumu ambao sulfaiti huwadhuru. Uchachushaji wenyewe huzalisha kidogo, na wengi huongeza kidogo wakati wa kujaza chupa. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida hauvuki miligramu 150 kwa lita na ule wa kilimo hai hauvuki 100. Ukizidi miligramu 10 lazima lebo iseme. Mgeni akikuambia ana mzio, msomee lebo, usimpe ahadi.

"Hauumizi kichwa." Una kilevi cha asilimia 13. Utaumiza.

## Mezani pamoja na chakula

Uchachu unakata mafuta, na tanini kidogo haigombani na vyakula laini. Ndiyo maana Pinot Noir inakaa vizuri na mtori, ndizi nyama isiyo na viungo vingi, kuku wa kienyeji wa kuchoma, bata, uyoga uliokaangwa kwa siagi. Ndafu nayo inakubali, hasa ngozi yenye chumvi. Pilau ya karafuu na mdalasini inakwenda vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Haikubaliani na pilipili kichaa: kilevi kinawaka na matunda yanapotea. Mishkaki iliyoungua kwa nje na mchuzi mtamu wa nyanya ya chupa vyote vinaufunika. Mteja akitaka mbuzi choma na pilipili ya kutosha, muuzie bia kwa amani, au mpelekee Shiraz.

## Matatizo na dawa zake

Unanuka kiberiti au yai la kuchemsha. Mvinyo umefungwa bila hewa. Mimina kwa nguvu jagini, zungusha, subiri dakika 20. Mara nyingi huisha. Ukibaki uleule baada ya saa moja, badilisha.

Unanuka boksi lililolowa, matunda hayapo. Kizibo kimeuambukiza kemikali iitwayo TCA. Haiishi kwa hewa, inazidi. Badilisha chupa, usibishane. Haidhuru afya.

Unachoma puani kama siki au rangi ya kucha. Bakteria wa siki wamefanya kazi. Kidogo sana si kosa, kunazidisha uchangamfu. Kukizidi, rudisha.

Unanuka zizi la farasi au plasta ya kidonda. Ni hamira ya mwituni iitwayo Brettanomyces. Wapo wanaopenda dalili yake kidogo. Muache mteja aamue, ila usimwambie kwamba ndiyo ladha ya baiodainamiki.

Harufu ni safi, lakini baada ya kumeza kunakuja ladha ya panya. Hutokea kwenye mvinyo wenye sulfaiti kidogo mno. Pua haiikamati kwa sababu uchachu wa mvinyo unaificha hadi mate yaupunguze. Paka tone nyuma ya kiganja, subiri sekunde chache, nusa. Haina dawa. Kumbuka kuwa watu wengine hawaihisi kabisa, kwa hiyo asiyeihisi asimwite mwenzake muongo.

Unanuka jamu iliyoungua, rangi inaelekea udongo, kizibo kimetuna. Umepikwa na joto. Angalia chupa nyingine za katoni hiyohiyo, pengine zote ziko hivyo.

Una vijipovu vidogo vya gesi. Mara nyingi ni hewa ya ukaa iliyobaki ndani ya mvinyo tangu kiwandani. Mimina jagini, tikisa, itatoka.

Kuna chembe zinazong'aa kama sukari chini ya kizibo. Ni fuwele za asidi ya mvinyo wenyewe, hutokea ukipozwa. Mwonyeshe mgeni, mwambie hazina madhara, mbadilishie glasi.

Kizibo kimekatika nusu. Rudisha skrubu kwa mshazari kwenye kilichobaki, egemea ukuta wa shingo, vuta polepole. Kikigoma, kisukume ndani na umimine kupitia kichujio cha chai kilicho safi, ukiwa kaunta, si mbele ya meza.

Mteja hajaupenda, na hauna kasoro. Hiyo ni ya meneja. Chukua chupa, ipeleke kaunta, iuzwe kwa glasi usiku huohuo.

Chupa yenye kasoro ya kweli usiimwage. Rudisha kizibo, iache na mvinyo wote uliobaki ndani, piga picha ya lebo ya mbele na nyuma pamoja na namba ya toleo, ile inayoanza na herufi L, iliyochapwa kwenye kioo au lebo. Iweke friji na umpigie msambazaji kesho yake asubuhi. Asilimia kubwa ya wasambazaji hubadilisha chupa iliyoambukizwa na kizibo ukiwa na ushahidi huo. Iliyopikwa watabishana nawe, na hapo ndipo utashukuru kwamba ulikagua katoni mlangoni na ukaandika saa lori lilipofika.